Farasi Anayegeuka Kuuma Mshipi wa Tandiko Unapokazwa

Swali: Nina farasi jike wa miaka 9 ambaye nampanda mara nne kwa wiki mimi peke yangu. Kwa miezi mitatu sasa, kila ninapomfunga mshipi wa tandiko hulaza masikio nyuma, hukaza midomo, na mara mbili amegeuka kutaka kuniuma mkono. Sioni kidonda chochote. Nimemnunulia mshipi mpana zaidi wenye mpira upande mmoja, lakini hali ni ile ile. Mwalimu wangu anasema huo ni utundu wa majike na kwamba nimkaripie. Nifanyeje, na je, niendelee kumpanda?

Jibu: Ndugu msomaji, mambo mawili katika swali lako yamenivuta kuliko mengine. Tabia hii ina umri wa miezi mitatu tu ilhali farasi ana miaka tisa, na umekwisha kubadilisha mshipi bila kupata nafuu. Farasi aliyekubali kufungwa kwa miaka mingi kisha akaanza kukataa amepatwa na jambo jipya, ama mwilini mwake, ama katika tandiko, ama katika namna anavyofungwa. Na kwa kuwa mshipi mpya haukusaidia, ninashuku kwamba mshipi unagusa tu mahali ambapo maumivu ya kwingine hujitokeza. Kwa hiyo nakuomba uliweke kando shauri la kumkaripia. Farasi anayeadhibiwa kwa kuonyesha kwamba anaumia huendelea kuumia kama kawaida. Anachoacha ni kukuonya, na siku moja atapiga teke au kujitupa nyuma pasipo dalili ya mapema. Kuhusu ujike wake, ni kweli kwamba majike wengine huwa wepesi wa kukasirika wakati wa joto, yaani wanapotaka dume, lakini joto huja na kwenda kwa mzunguko wa takribani siku 21. Hasira inayoonekana kila siku kwa miezi mitatu haifuati kalenda hiyo.

Ni vyema kwanza ufahamu mshipi unalala juu ya nini. Farasi hana mtulinga, yaani miguu yake ya mbele haikuunganishwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mifupa, bali kifua chake kimening'inia katikati ya miguu hiyo kwa nguvu ya misuli mikubwa itokayo kidarini na mbavuni. Mshipi hupita juu ya misuli hiyo hiyo, kwa hiyo kila mguu wa mbele unapokwenda mbele na kurudi nyuma, nyama iliyo chini ya mshipi nayo husogea. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mgandamizo mkubwa uko chini katikati, juu ya mfupa wa kidari. Watafiti wa Uingereza waliotumia pedi zenye vipimo vya mgandamizo, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2013, walikuta kwamba mgandamizo mkali zaidi uko nyuma ya viwiko, na kwamba farasi waliofungwa mshipi ulioundwa kuupunguza waliipeleka miguu mbele zaidi na kuikunja vizuri zaidi. Nakumbusha jambo hili kwa sababu mwenye farasi akitafuta maumivu mara nyingi hupapasa kidari, akakuta hakuna kitu, akaridhika.

Pumzi nayo imo. Farasi huvuta hewa kwa pua tu, na akiwa katika shoti, yaani mbio, kila hatua kamili huenda na pumzi moja. Majaribio yaliyofanywa Australia kwa farasi wa mbio yalionyesha kwamba kadiri mshipi ulivyokazwa ndivyo farasi alivyochoka mapema. Wapanda farasi husema kwamba farasi mjanja hujaza hewa ili mshipi ulegee baadaye. Mimi sioni ujanja hapo. Farasi anayetarajia kubanwa hukaza misuli ya kifua na tumbo na kuzuia pumzi, kama wewe ungefanya mtu akitaka kukuvutia mkanda kwa ghafla. Akishatembea kidogo misuli hulegea na mshipi nao hulegea. Ile desturi mbaya ya kumpiga goti tumboni ili atoe hewa humfundisha kukaza zaidi siku inayofuata.

Sasa anza na mikono yako kabla ya kununua kitu kingine chochote. Chagua wakati ambapo hana njaa na tandiko haliko karibu, na mwombe mtu amshike badala ya kumfunga kamba ngumu, kwa sababu farasi anayeogopa mshipi akivuta nyuma na kukuta amefungwa huweza kujiumiza vibaya. Weka kiganja kilichotandazwa begani, teremka polepole mpaka nyuma ya kiwiko, pita chini ya kifua mpaka kidarini, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Mara ya kwanza usigandamize. Unatafuta joto, uvimbe, magamba, kupe, vinundu, nywele zilizokatika na mabaka ya nywele nyeupe ambayo huachwa na michubuko ya zamani. Mara ya pili bonyeza kwa ncha za vidole, kwa wepesi kwanza, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, na usiangalie mkono wako bali uso wake: jicho linalokazwa, mkunjo juu ya jicho, pua iliyovutwa, kidevu kigumu, pumzi iliyosimama. Endelea nyuma ya kinundu cha mabega, yaani ule mwinuko ulio kati ya mabega shingo inapoishia, na kando ya uti wa mgongo mpaka mahali tandiko linapoishia, halafu pitisha brashi ubavuni na chini ya tumbo.

Majibu yake yatakuelekeza, ingawa hayatatoa hukumu ya mwisho. Akishtuka kwa kuguswa ngozi tu, tatizo huenda ni la ngozi. Akistahimili kuguswa lakini misuli ikaruka au kuwa migumu kama ubao unapobonyeza, fikiria misuli, mbavu au kidari, hasa ikiwa aliwahi kuanguka au kupigwa teke na mwenzake. Akichukia brashi ubavuni na tumboni hata siku asiyotandikwa, nafikiria tumbo. Na akitulia kwa yote hayo, kisha akabadilika mara tu anapoona tandiko linaletwa, kuna uwezekano kwamba tandiko lenyewe linamuumiza mgongoni, au kwamba maumivu yalikwisha zamani na yaliyobaki ni kumbukumbu.

Kuhusu tumbo inanibidi nikae kidogo, maana hapo ndipo hukosewa mara nyingi. Katika mapitio ya farasi 37 waliopelekwa katika hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha California, Davis, kwa lalamiko kama lako, vidonda vya tumbo vilikuwa miongoni mwa matatizo yaliyoonekana zaidi, pamoja na maumivu ya misuli na mifupa. Sababu yake inaeleweka ukilijua tumbo la farasi. Ni dogo kwa mnyama wa ukubwa wake, lita 8 hadi 15 tu, na hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Sehemu yake ya chini ina ute wa kujikinga, lakini sehemu ya juu haina. Mate, ambayo hupunguza makali ya asidi, hutoka tu anapotafuna. Farasi aliyekaa saa sita bila majani tumboni, kisha akapandwa katika mwendo wa matiti (kukimbia polepole) au shoti, misuli ya tumbo lake hukaza, na asidi husukumwa juu kwenye ngozi isiyo na kinga. Vidonda hivyo havionekani kwa nje. Wengine hukonda na kupoteza mng'aro wa nywele, wengine hubakiza nafaka ndooni, na wengine huwa wanene na wazuri huku ishara yao pekee ikiwa ni kuchukia mshipi.

Uthibitisho hupatikana kwa daktari wa mifugo kupitisha kamera ndefu ya takribani mita 3 puani mpaka tumboni, baada ya farasi kufungishwa kula kwa saa anazozielekeza yeye. Dawa inayotumika zaidi ni omeprazoli iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, na kwa kawaida hutolewa kwa wiki kadhaa. Kipimo na muda ni kazi ya daktari, kwa kuwa vidonda vya sehemu ya juu na vya sehemu ya chini havitibiwi kwa namna moja. Lakini malisho unaweza kuyarekebisha leo bila kumsubiri mtu. Mpe majani makavu yasiyopungua asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani si chini ya kilo 7.5 kwa farasi wa kilo 500, yakiwa yamegawanywa ili asikae muda mrefu na mdomo mtupu. Punguza nafaka, na unayompa igawe katika milo midogo. Nusu saa kabla ya kumpanda mwache atafune majani kiasi, kwa sababu majani hutanda juu ya asidi na kuizuia isiruke. Ikiwa anapewa mara kwa mara dawa za kupunguza maumivu, mwambie daktari, kwani baadhi yake zenyewe huchubua tumbo.

Maumivu ya misuli na mifupa ni uwanja mpana, na hapa daktari atahitaji kumwona akitembea na akipandwa. Nitataja moja tu ambalo hupita bila kugunduliwa: kuchechemea kidogo kwa mguu wa nyuma. Utafiti wa madaktari wa farasi Line Greve na Sue Dyson ulionyesha kwamba tandiko linaloteleza upande mmoja, licha ya kumkaa farasi vizuri, mara nyingi lina chanzo chake katika mguu wa nyuma. Mpandaji akiona tandiko linakwenda pembeni, hukaza mshipi. Farasi akibanwa zaidi, hukasirika. Na mguu wenye ugonjwa hausemwi. Kwa hiyo mwombe mtu asimame nyuma yako unapopanda, atazame kama tandiko linabaki katikati kwenye duara la kulia na la kushoto.

Tandiko lenyewe liko karibu na kiini cha mambo kuliko mshipi. Kifua cha kila farasi kina mahali pembamba, nyuma ya viwiko, na mshipi utateremka hapo hata ungeufunga wapi. Kwa farasi wengine mahali hapo pako mbele sana. Tandiko likikaa sawasawa mgongoni lakini vikanda vyake vya kufungia vikaning'inia nyuma ya mahali hapo, mshipi utayavuta yote mbele hadi tandiko ligonge bega na mshipi usugue kiwiko. Dalili yake unaweza kuiona kwa macho: mtandike kwa uangalifu, mtembeze dakika kumi, kisha linganisha lilipo tandiko na lilipokuwa. Ukitaka kulizuia kwa kukaza zaidi, utaleta mgandamizo bila kuondoa mvutano. Kinachotakiwa ni fundi wa matandiko abadilishe mahali pa vikanda au achague mshipi uliopindwa ili katikati yake iende mbele huku ncha zake zikifungwa nyuma. Kumbuka pia kwamba mgongo wa farasi hubadilika umbo kwa misimu na mazoezi. Tandiko lililomfaa mwaka jana linaweza kumbana leo, na miezi yako mitatu yaweza kuwa imeanza hapo.

Kwa mshipi ulionunua, nina shaka na ule mpira wa upande mmoja. Upande wenye mpira hunyumbuka na ule usio nao haunyumbuki, kwa hiyo tandiko huvutwa kwa nguvu zisizolingana. Ukihitaji mpira, uwe pande zote mbili kwa kiasi sawa, na hata hivyo uwe mwangalifu, kwa kuwa mpira humrahisishia mkono kukaza kupita kiasi bila kuhisi. Upana husaidia kutawanya mgandamizo pale tu ambapo kuna nafasi. Mshipi mpana kwa farasi mwenye nafasi finyu nyuma ya kiwiko humkata kwa ukingo wake. Urefu ndio hupuuzwa zaidi. Bizimu zisikae nyuma ya kiwiko wala mahali ambapo kiwiko hufika kinaporudi nyuma, na mshipi ufungwe kwenye tundu zinazolingana kulia na kushoto, ili katikati yake ilale katikati ya kidari. Kuhusu ngozi ya kondoo, ngozi laini, kitambaa au mpira laini, sina upendeleo mkubwa: kinachoumiza ni uchafu, jasho lililokauka, mshono uliokatika na ngozi iliyopasuka kwa kukosa mafuta. Ngozi ya kondoo iliyolala na kushikamana kwa jasho haina faida tena.

Namna ya kufunga inaweza kubadilika kuanzia kesho. Shusha tandiko mgongoni taratibu, pita upande wa kulia uuteremshe mshipi kwa mkono badala ya kuuachia ugonge miguu yake, kisha urudi kushoto uufunge kwa ulegevu, kiasi cha kuzuia tandiko lisianguke tu. Mvalishe lijamu. Kaza mshipi tundu moja, mtembeze hatua kumi, kaza tundu moja upande wa pili, mtembeze tena. Kaza wakati anapotoa pumzi, kwa mvuto mmoja wa polepole usio na kishindo. Unapopima, usiweke vidole ubavuni karibu na tandiko, ambapo mwili umebonyea na mshipi huonekana umelegea hata kama umekazwa mno. Pima chini, juu ya kidari, ambapo vidole viwili viingie vikiwa vimelala bila kulazimishwa. Panda kwa kutumia kijukwaa ili usimvute upande mmoja, pima tena baada ya dakika chache za kutembea, na ukimaliza kazi legeza tundu moja au mbili kabla hujamrudisha bandani. Sikuambii uuache umelegea wakati wa kupanda; tandiko linalogeuka chini ya tumbo la farasi ni hatari kwake na kwako. Tandiko linalomkaa vizuri halihitaji kukazwa kwa nguvu ili litulie, na haja ya kukaza mno kila siku ni sababu tosha ya kumwita fundi.

Umesema huoni kidonda, na hilo ni jema, lakini weka akilini kwamba farasi aliyepumzishwa muda mrefu ana ngozi laini, na wiki zake za kwanza kazini ndizo za hatari. Safisha mahali pa mshipi kabla na baada ya kupanda. Ukikuta mchubuko, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na usimfunge mshipi mpaka ngozi ifunge kabisa. Kukifunika kidonda kwa kitambaa laini na kuendelea kupanda hugeuza jambo la siku chache kuwa la mwezi. Usipake spiriti. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka nywele yanaweza kuwa choa, ambacho husambaa kwa kuazimana mishipi na brashi na humwambukiza hata binadamu. Tumia glavu, na kila farasi awe na vifaa vyake. Kinundu kinachokua au kidonda kisichopona kionwe na daktari kabla ya kupakwa dawa yoyote, kwa kuwa baadhi ya vivimbe vya ngozi ya farasi hukua kwa kasi zaidi vikichokozwa.

Tuseme daktari amepata chanzo na kukitibu. Usishangae farasi akiendelea kulaza masikio, maana kwa miezi mitatu amejifunza kwamba mlio wa bizimu hutangulia maumivu. Niliwahi kumtibu farasi aliyehasiwa ambaye vidonda vyake vya tumbo vilipona kabisa kwa ushahidi wa kamera, lakini mwenye farasi akanipigia simu kwa hasira kwamba dawa haikufaa. Tulipomrudisha nyuma katika mafunzo, kana kwamba hajawahi kuona tandiko, alichukua takribani wiki sita kutulia. Anza kwa taulo lililokunjwa, ukiligusisha pale mshipi upitapo kwa sekunde moja, ukaliondoa akiwa bado ametulia, kisha mkune kwenye kinundu cha mabega, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana na ambapo kukunwa hupunguza mapigo ya moyo. Ongeza muda, kisha zungusha taulo kifuani na ulishike kwa mikono bila kulifunga, kisha mshipi peke yake, kisha tandiko. Ukiona jicho limekaza, umekwenda mbio. Rudi hatua moja na umalizie hapo kwa siku hiyo. Dakika tano kila siku humfaa kuliko saa nzima siku ya mapumziko.

Je, umpande wakati huu? Kwa jinsi ulivyoeleza, ningesimamisha upandaji mpaka daktari amwone, na kwa kuwa amekwisha kujaribu kuuma mara mbili, nisingemsubiri mwezi mzima. Haimaanishi asimame bandani. Mtembeze kwa kamba, mwache malishoni pamoja na wenzake, na mpe kazi za ardhini zisizohitaji kitu kifuani. Siku ya kwanza utakayompanda tena, mwombe mtu akuchukue video kuanzia tandiko linapoletwa mpaka linapovuliwa. Sue Dyson na wenzake wametunga orodha ya vitendo 24 vya kutazama kwa farasi anayepandwa, kama vile masikio kulala nyuma kwa sekunde tano au zaidi, mkia kupigapiga na ulimi kutoka nje, na vinapoonekana 8 au zaidi uwezekano wa maumivu ya misuli na mifupa ni mkubwa. Video hiyo mpelekee daktari, pamoja na tarehe ulizokumbuka: lini alibadilishiwa malisho, lini tandiko lilirekebishwa, lini alianguka au kupigwa kwato. Ukikaa na kuandika tarehe hizo kwa utulivu, huenda ukakuta moja inayoangukia miezi mitatu iliyopita.